Namba ya Boti Iitwayo Tulia

Kabla sijawaambia lolote kuhusu usajili wa boti za wageni, vijana wangu, mjue mnaongea na nani. Baba yangu alikata mkonge katika shamba moja la Muheza mpaka mgongo ukapinda. Mimi nilianza kwa kubeba magunia bandarini Tanga, nikapanda meli nikiwa msaidizi wa mpishi, nikashukia Ulaya, na huko mchana nikafagia maghala, jioni nikasoma. Nikapata stashahada ya shughuli za meli. Nasema stashahada, si kile cheti cha kuhudhuria semina mnachopewa siku hizi pamoja na soda. Imo ndani ya fremu, nyumbani kwangu Raskazone, na kioo chake nakifuta kwa mkono wangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilirudi kwa nauli yangu, nikafungua ofisi ya chumba kimoja, na kwa miaka mingi kila mgeni mwenye boti ya starehe, kuanzia Mkinga hadi Pangani, aliambiwa neno moja tu: "Nenda kwa Mhando."

Mke wangu akinisikia hapa husema, "Haya, ameanza." Mwacheni aseme. Mtu aliyejijenga mwenyewe asipojisifu, nani atamsifu? Matofali?

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Boti ni kama mtu, ina uraia. Ina jina, ina bandari ya nyumbani, ina bendera, na ina namba. Vyote hivyo vimeandikwa katika daftari la nchi fulani, na anayelitunza ni msajili. Mgeni akija na boti yake huku kwetu, boti hiyo inaendelea kuwa raia wa kwao. Siku akitaka kuibadilisha bendera, au akimuuzia mtu wa hapa, kazi inakuwa mbili: kuifuta katika daftari la kule na kuiandika katika la hapa. Vifungu vya sheria sitawatajia, kwa sababu vinabadilika, nanyi mna simu zenye kila kitu, someni. Mimi nawapa yale yasiyoandikwa.

La kwanza nililipata kwa aibu. Mteja wangu wa mwanzo kabisa alikuwa na boti nzuri nyeupe, imetia nanga pale mdomo wa mto Pangani. Nikataka kumwonyesha kasi ya mtu aliyesoma. Nikaandika kule kwao, boti ikafutwa haraka, nikapiga kifua. Kisha nikapeleka maombi ya usajili mpya, yakarudishwa: hakuna karatasi ya vipimo. Fundi wa kupima hayupo, amesafiri. Miezi minne boti ile ikakaa bila bendera, si ya huku wala ya kule. Kampuni ya bima ikasema haiijui. Haiwezi kusogea hata hatua. Na kila kivuko kilipokatiza kwenda ng'ambo, Bweni, abiria walikuwa wanamuuliza yule bwana kwa sauti, "Mzungu, hiyo ya nchi gani leo?"

Nikaenda kwa Mzee Kombo. Huyu alikuwa karani mstaafu wa bandari, hana stashahada, hana hata miwani mizima, lakini alinifundisha zaidi ya chuo. Sikumwambia hivyo alipokuwa hai, na hilo linaniuma. Alinitazama, akasema, "Mhando, umebomoa nyumba ya mtu kabla hujajua kiwanja chake kingine kiko wapi."

"Nifanyeje, mzee?"

"Sasa hivi, umpelekee maji ya kunywa, maana jua la Pangani ni kali. Safari nyingine usifute kule mpaka wa huku akuandikie kwa mkono wake kwamba yuko tayari kupokea. Sio aseme. Aandike."

Basi andikeni hilo.

La pili ni majina. Wageni wanapenda sana kuzipa boti zao majina ya Kiswahili, na wanayachagua kwa utamu wa sauti. Mmoja alinijia na fomu, boti yake kaiita *Msaada*. Nikamwambia, "Bwana, ukipata hitilafu huko baharini, utaita vipi kwenye redio? 'Msaada, Msaada, hapa Msaada'?" Akacheka, lakini hakubadilisha. Msajili akamrudishia fomu yake bila kucheka. Jina linaloweza kudhaniwa ni wito wa hatari halipiti. Mwisho akaiita *Embe*, na *Embe* haikumsumbua mtu.

Zamani kazi hii ilikuwa ya bahasha, stempu na kusubiri. Unatuma barua, unakonda, unanenepa tena, ndipo jibu linakuja. Leo ni baruapepe na picha za simu. Asubuhi umeuliza, mchana umejibiwa. Mnaona ni rahisi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho simu haijakiondoa. Boti nyingi za kigeni, namba yake huchongwa ndani, kwenye boriti kuu ya mbao inayobeba sitaha. Imechongwa kwenye mti, haikupakwa kwa rangi. Karatasi zote zikipotea, namba ile ndiyo shahidi. Na kwa namba ile mimi Mhando, mwenye stashahada, mtoto wa Muheza niliyezaliwa humu humu, nilifanya kosa ambalo mtoto wa darasa la tatu wa Kigombe asingelifanya.

Alinijia ofisini mama mmoja wa Kizungu tuliyezoea kumwita Mama Inge. Yeye na mumewe, Bwana Anton, waliishi Raskazone miaka mingi, nyumba tatu kutoka kwangu. Bwana Anton alikuwa seremala kwao, na boti yao, *Tulia*, ya mbao, injini mbili, aliijenga yeye mwenyewe kabla hawajahamia huku. Ilikuwa imesajiliwa kwao, kwa jina lake peke yake. Kiswahili chao kilikuwa cha Tanga kabisa. Mama Inge akikasirika alikuwa anasonya kama mtu wa Chumbageni.

Siku hiyo hakusonya. Alikaa, akatoa picha kwenye mkoba. Wazee wawili, mmoja wao Bwana Anton, wamesimama mbele ya nyumba yenye theluji.

"Huyu ni Josef, kaka yake Anton. Mkubwa wake. Amebaki yeye tu."

"Naam, mama."

"Anton anasahau, Mhando. Umeona mwenyewe."

Nilikuwa nimeona. Alikuwa ameanza kunisalimia mara tatu asubuhi moja, na wiki iliyotangulia alisimama kwenye geti langu akiuliza njia ya kwenda kwake.

"Kila asubuhi baada ya chai namwonyesha picha hii. Namuuliza, huyu nani? Anasema, Josef. Mpaka leo anasema. Nataka nimfikishe kwa kaka yake siku ambayo bado anasema."

Shida ilikuwa *Tulia*. Iliingia nchini kwa kibali cha muda cha forodha, kwa jina la Bwana Anton, na mwenye jina hawezi kuondoka moja kwa moja akaiacha. Mnunuzi alikuwepo, bwana mmoja wa Pangani mwenye kampuni ya kutembeza watalii. Lakini hawezi kuisajili kwa jina la kampuni yake mpaka ifutwe kule. Na wa kuomba ifutwe ni mwenye jina tu.

"Itachukua muda gani?" akauliza.

Nikatazama ile fremu, wakati huo ilikuwa bado ukutani ofisini. "Wiki tatu, mama. Umefika kwa Mhando."

Vijana wangu, msiahidi muda mkiwa mnaitazama stashahada yenu.

Nilianza vizuri. Msajili wa hapa akaandika kwamba yuko tayari kupokea, kama Mzee Kombo alivyonifunza. Mnunuzi akasema sitaha inabonyea, boriti moja imeoza, arekebishiwe kwanza. Nikaipeleka boti Kigombe kwa Fundi Mbwana, ambaye kwa boti za mbao sijaona wa kumfikia, na nimeona bandari nyingi. Nikamwambia, "Fundi, kilichooza toa, weka kipya." Nikaondoka. Siku ya kuishusha boti majini nilialikwa wali, nikala sahani mbili, nikarudi mjini nimeridhika.

Ndipo nikamwomba Mama Inge cheti cha usajili cha asili, kwa sababu msajili wa kule anakitaka kirudi mkononi mwake. Akasema Bwana Anton alikiweka mahali salama.

"Wapi?"

"Ndiyo hivyo, Mhando. Salama. Hakumbuki wapi."

Tulipekua ile nyumba siku mbili. Tulipata funguo za gari waliloliuza zamani, meno ya bandia ya mtu asiyejulikana, na kitabu cha kupikia kilichofichwa ndani ya feni. Cheti hatukukipata. Nikaandika kule. Wakajibu siku ile ile, kwa adabu: mwenye boti aape mbele ya wakili kwamba cheti kimepotea na kwamba anaomba boti ifutwe, na tutume picha ya namba iliyochongwa kwenye boriti kuu.

Nikasema, mambo madogo hayo.

Nikawapeleka kwa wakili mmoja wa mjini, Bi Rukia, binti makini, umri wa mwanangu wa tatu. Ilikuwa baada ya adhuhuri, joto, Bwana Anton amevaa shati lake safi na amechoka.

"Shikamoo, mzee," akasema Bi Rukia.

"Marahaba, mwanangu."

"Unajua umekuja kufanya nini hapa leo?"

Bwana Anton akatafakari. "Kunyoa."

"Una boti, mzee?"

Akamtazama mkewe, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani wa mwenzake. "Inge ndiye anajua."

Bi Rukia akafunga faili taratibu. Nikamwinamia mezani, nikamnong'oneza, "Mwanangu, ni saini moja tu. Sote tunamjua."

"Mzee Mhando, saini ya mtu asiyejua anachosaini ni mchoro. Mimi mhuri wangu siuweki kwenye michoro."

"Mkewe yupo hapa. Mimi nipo."

"Boti si ya mkewe wala si yako. Ukimkuta saa ambayo yuko nayo akili yake, niite, nitakuja hata kwa miguu. Akiwa hivi, hata uniletee stashahada mbili."

Niliumia, nikaona ananidharau. Na niwaambie ukweli ambao sijamwambia mtu: pale mezani nilikuwa nimeshafikiria kumshika yule mzee mkono na kuuongoza kwenye karatasi. Nilidhani ni huruma. Yule binti aliona mbali kuliko mimi. Mkono wa mgonjwa ukishaongozwa mara moja kwa jambo jema, utaongozwa na wengine kwa mabaya.

Nje, Mama Inge akaniuliza, na kama asipoweza kuapa? Nikamweleza kwamba mahakama ya kwao itabidi imteue msimamizi wa mali zake. Hilo ni mwaka, pengine zaidi.

"Mwaka," akasema. Alikuwa anamfunga mumewe mkanda ndani ya gari. "Jana ilimchukua muda, Mhando. Aliiangalia picha mpaka chai ikapoa, ndipo akasema Josef. Mwaka mmoja ukipita, Josef atakuwa mzee fulani kwenye picha."

Nikasema angalau nikapige ile picha ya namba, nikapanda bodaboda nikaenda Kigombe, *Tulia* ilikokuwa bado imetia nanga. Nikapanda ndani, nikainama chini ya sitaha na simu yangu, nikamulika.

Boriti mpya. Safi, imepigwa randa mpaka inang'aa, inanukia mbao. Haina hata kovu.

Nilikaa pale chini kwenye maji machafu ya boti, suruali yangu ya ofisini ikilowa. Boriti iliyooza ilikuwa ndiyo boriti kuu. Ndiyo iliyokuwa na namba. Na mimi ndiye niliyesema "kilichooza toa" bila kwenda kuangalia kimeandikwa nini. Na hata hilo si kosa lenyewe. Kosa lenyewe ni kwamba nilijua, kama kila mtu wa pwani hii anavyojua, kwamba mti unaotolewa kwenye chombo ni haki ya fundi. Haulizwi, haandikishani na mtu. Anaupeleka kwake: mwingine ataufanya kuni, mwingine kizingiti, mwingine mbuzi ya kukunia nazi. Ulaya ningemwandikia fundi barua ya kurasa mbili: hiki usitupe, hiki hifadhi. Nilipofika Kigombe nikajifanya mwenyeji nisiyehitaji kusema, kisha nikasahau kile ambacho wenyeji hawakisemi.

Nikapanda kwenda kwa Fundi Mbwana. Alikuwa nje ya nyumba yake na wenzake wawili, wanakunywa kahawa. Pale Kigombe jina langu si Mhando.

"Aa, Bwana Stashahada! Karibu, bwana. Mbona umejikojolea?"

"Maji ya boti hayo. Fundi, nina shida."

"Shida hukaa, haisimami. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye benchi ukutani. Nikapewa kikombe.

"Ile boriti ya zamani ya *Tulia* iko wapi?"

"Ilioza."

"Najua ilioza! Iko wapi?"

"Ilioza upande mmoja. Huo upande ndio tulipikia wali siku ya kushusha boti." Akawageukia wenzake. "Huyu alikula sahani ngapi?"

"Mbili," wakasema kwa pamoja.

"Na upande mzima?"

"Upo."

"Upo wapi, fundi?"

"Upo kazini."

Nikakasirika. Nikaanza kumsomesha. Nikamweleza namba rasmi ni nini, msajili ni nani, bendera ni nini katika sheria za bahari. Nikamweleza habari za Bwana Anton, picha, kaka yake, wakili. Niliongea mpaka jasho likanitoka, na wale mabwana wakanisikiliza kwa heshima kubwa, hakuna anayenikatiza. Fundi Mbwana alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli aliposikia habari za Bwana Anton, kwa maana walikuwa mafundi wote wawili na waliheshimiana.

Mkewe, Bi Mwanahamisi, akatoka ndani na birika. Akanitazama, akawatazama wao.

"Jamani, hamna imani? Mwambieni mzee wa watu ainuke. Kahawa yake imepoa, naye anatafuta alichokikalia."

Niliinuka kama nimechomwa. Wakaligeuza benchi miguu juu. Upande niliokuwa nimeukalia ulipigwa randa laini kama meza. Upande wa chini ulikuwa na rangi ya zamani, chumvi, na tarakimu sita, zimechongwa kwa patasi, za zamani, zimekolea.

Walicheka wale mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilipiga magoti nikazifuta vumbi kwa leso yangu.

"Fundi, mbona upande huu hukuupitisha randa?"

Fundi Mbwana akashangaa swali lenyewe. "Randa inapita penye kilema. Namba ya mtu ni kilema? Mti ni haki yangu, namba si yangu. Nimeigeuza chini isikaliwe."

Aliyejidai kuiheshimu namba ya *Tulia* kwa sheria ni mimi, na aliyeipoteza ni mimi. Yeye hakuwahi kumsikia msajili yeyote.

Nilipiga picha. Fundi akaandika maelezo kwamba boriti ile aliitoa kwenye *Tulia* kwa mikono yake, akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, nzuri kuliko mwandiko wangu. Nusu ya shida ikawa imekwisha. Nikawa nimeshapanda bodaboda, Fundi Mbwana akaniuliza kitu.

"Hizi namba nani alizichonga?"

"Bwana Anton mwenyewe. Alijenga boti ile kwa mkono wake."

"Basi mpelekee."

"Nimeshapiga picha, fundi."

"Picha ya nini? Mpelekee mti aushike."

Bi Mwanahamisi akadakia kutoka mlangoni, "Mpelekee mgonjwa, lakini benchi langu lirudi!"

Asubuhi ya kesho yake Fundi Mbwana akaja Raskazone na benchi nyuma ya pikapu ya mchuuzi wa madafu. Nilikuwa nimempigia Bi Rukia, na kweli alikuja, asubuhi mapema, kabla ya mahakama kufunguliwa. Bwana Anton alikuwa ndio amemaliza chai. Mama Inge alikuwa amemwonyesha ile picha. Aliponiona alinifanyia ishara kwamba jina amelisema, lakini kwa shida.

Tulilaza benchi barazani, namba juu. Hatukumwambia neno. Bwana Anton akaliona. Akasogea, akaketi chini sakafuni kama kijana, akaweka kidole cha shahada kwenye tarakimu ya kwanza. Akakipitisha taratibu ndani ya mchongo. Akafika ya tatu, akasimama.

"Hii saba mbaya," akasema kwa Kiswahili. "Patasi iliteleza."

Akaonyesha kidole gumba chake cha kushoto. Kuna kovu jeupe. Fundi Mbwana akainama akalitazama, akatoa na yeye kidole chake, chenye makovu kama ramani, wakaonyeshana kama watoto wanaoonyeshana gololi.

Bwana Anton akarudi mwanzo. Safari hii akazisoma kwa sauti, moja moja, macho ameyafumba. Bi Rukia alikuwa na ile barua ya msajili mkononi; niliiona kalamu yake ikifuata. Zote sita, kwa mpangilio wake.

Bi Rukia akakunja sketi yake, akaketi chini sakafuni karibu naye.

"Mzee, namba hii ni ya nini?"

"Ya *Tulia*."

"*Tulia* ni ya nani?"

"Yangu. Nimeijenga."

"Cheti chake kiko wapi?"

"Nimekipoteza." Akamtazama mkewe. "Pole, Inge. Mimi ndiye."

"Sasa unataka boti hii ifanyweje?"

"Iondolewe kwenye daftari la kwetu. Achukue yule wa Pangani. Mimi naenda kwa Josef." Akafikiri kidogo. "Josef hajui kuogelea. Boti haitamfaa."

Mama Inge aligeukia bustani.

Mimi nilikuwa na kalamu tayari, nimeshaifungua. Bi Rukia akanirudisha nyuma kwa mkono. Akasema, "Tunywe chai kwanza." Nikadhani nitapasuka. Akanywa chai, akala andazi, akamwuliza Fundi Mbwana bei ya pweza. Kikombe kilipokwisha akageuka, akauliza maswali yale yale tena kwa maneno mengine. Bwana Anton akajibu yale yale. Ndipo akampa karatasi, akamsomea kila mstari. Bwana Anton akasaini, mkono wake mwenyewe, hakuna aliyeugusa. Bi Rukia akagonga mhuri juu ya ile ile boriti, kwa sababu meza ilikuwa imejaa vikombe.

Hilo la chai, vijana, ndilo nawaomba mlishike kuliko mengine yote. Mteja wako akiwa mzee au mgonjwa, mfuate kwake, saa yake ya nafuu, mkiwa na kitu cha mkono wake mwenyewe. Muulize, nyamaza, muulize tena. Akikataa au asipoelewa, funga faili, hata kama unampenda. Sikusoma hilo Ulaya. Nilifundishwa na wakili wa umri wa mwanangu na fundi wa Kigombe, katika siku mbili.

Cheti cha kufutwa kilikuja kwa baruapepe wiki iliyofuata. Jumla haikuwa wiki tatu, ilikuwa saba. Mnunuzi akasajili *Tulia* upya, ikapata namba nyingine, na mkiiona Pangani imebeba watalii muipungie mkono. Bwana Anton na Mama Inge wakaondoka. Bwana Anton alinishika mkono mara tatu getini, na mara zote tatu akaniaga kama mara ya kwanza.

Mama Inge alinipigia baada ya muda. Njia ilimchosha sana Bwana Anton, alisema, ndege mbili na treni. Siku ya mwisho ya safari alipomwonyesha picha, hakusema kitu. Aliitazama tu, akamrudishia. Wakafika. Josef alikuwa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu. Anton akasimama mbele yake muda mrefu, uso mtupu, na Mama Inge akajua jina limebaki njiani. Halafu Anton akazunguka nyuma ya kile kiti, akampiga kaka yake kofi dogo la kisogoni.

"Josef akaanza kulia," alisema. "Ndivyo Anton alivyokuwa anamfanyia tangu wakiwa watoto, Mhando. Kila siku, wakienda shule. Hakuna mtu mwingine duniani anayemfanyia hivyo."

Habari ile niliipeleka Kigombe mwenyewe, sikutaka kuisema kwa simu. Fundi Mbwana alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Basi amefika." Bi Mwanahamisi alikuwa anamimina kahawa, akajifuta macho kwa upande wa kanga, kisha akanionyesha benchi.

"Kaa, Bwana Stashahada."

Nikataka kukaa.

"Ebo! Hujajifunza tu? Angalia chini kwanza."

Niliinama, na magoti yangu ya sasa, nikatazama. Ipo. Tarakimu sita na ile saba mbaya. Katika daftari la msajili imeshafutwa. Mkifika Kigombe, ulizieni kwa Fundi Mbwana, na msikae kabla hamjainama.